Maisha ya Majira ya Baridi katika Picha za Waholanzi



Wako mafundi wa kuchora waliojulikana sana zamani katika nchi ya Uholanzi, na miongoni mwa kazi zao ziko picha za namna moja ambazo watu hawachoki kuzitazama hata leo. Picha hizo hazionyeshi wafalme juu ya viti vyao, wala mashujaa vitani. Zaonyesha mto au mfereji ulioganda kwa baridi, na juu yake watu wa kila hali: tajiri na maskini, mzee na mtoto, mwenye kazi na mwenye kucheza. Nyingi katika hizo zilichorwa kati ya mwaka 1600 na mwaka 1680.

Huenda mtu wa Mombasa au wa Unguja akauliza, "Hayo yatufaa nini sisi, ambao baridi yetu kubwa ni ile ya kipupwe?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba picha hizi zaeleza jinsi watu walivyopatwa na jambo wasiloweza kulizuia, jambo lililofunga njia zao na kusimamisha kazi zao, nao wakatafuta namna ya kuishi nalo. Habari hiyo yaweza kufahamika na mtu ye yote aliyewahi kuona mvua zikikosekana, au mto ukifurika na kukata njia.

NCHI NA BARIDI YAKE

Kwanza hatuna budi kuifahamu nchi yenyewe. Uholanzi ni nchi tambarare, na yapata robo yake i chini ya usawa wa bahari. Wenyeji waliizuia bahari kwa matuta makubwa ya udongo, wakachimba mifereji, wakasimamisha vinu vya upepo vya kuyainua maji na kuyamwaga mbali na mashamba. Kwa hiyo maji yako kila mahali: katikati ya mji, kandokando ya shamba, hata mbele ya mlango wa nyumba. Zamani mifereji hiyo ndiyo iliyokuwa barabara zao kuu. Mtu aliyetaka kwenda mji wa pili, au kupeleka jibini yake sokoni, alipanda mashua.

Majira ya baridi huingia mwezi wa Disemba na kwisha karibu na mwezi wa Machi. Miti mingi hupukutisha majani yake yote ikabaki mifupa mitupu. Mwishoni mwa Disemba jua huonekana kwa muda usiotimia saa nane, kisha usiku hurudi. Baridi ikizidi, maji huganda. Maji ya mifereji huganda upesi kuliko maji ya bahari, kwa sababu hayana chumvi nyingi, kina chake ni kifupi, tena hayaendi mbio.

Na hapa pana ajabu moja ya maumbile. Vitu vingi vikiganda huwa vizito zaidi kuliko vilivyokuwa, bali barafu ni nyepesi kuliko maji, nayo huelea juu yake. Basi mfereji hufunikwa kwa barafu kama chungu kwa kifuniko, na chini yake maji hubaki maji, na samaki huendelea kuishi. Baridi ikidumu siku kadhaa kifuniko hicho huzidi unene, mpaka kikaweza kumchukua mtu, na baadaye farasi pamoja na mzigo wake.

Yafaa kujua pia ya kwamba zama zile zilikuwa za baridi kuliko zama zetu. Wataalamu wa hali ya hewa huziita Enzi Ndogo ya Barafu. Enzi hiyo ilidumu karne kadhaa, ikaisha katikati ya karne ya 19. Si kila mwaka uliokuwa mkali. Lakini baridi ya mwaka 1564 kuingia 1565, na ile ya mwaka 1607 kuingia 1608, zilikumbukwa muda mrefu na watu waliookoka nazo.

ALIYEFUNGUA NJIA

Mtu aliyewafungulia wengine njia ni Pieter Bruegel, mchoraji aliyefanya kazi Antwerp na Brussels, miji ambayo leo imo katika nchi ya Ubelgiji. Mwaka 1565 alimchorea tajiri mmoja wa Antwerp, jina lake Nicolaes Jonghelinck, picha za majira mbalimbali ya mwaka. Mojawapo huitwa Wawindaji katika Theluji, nayo sasa imo katika jumba la makumbusho mjini Vienna.

Katika picha hiyo twaona wawindaji watatu wakirudi nyumbani na kundi la mbwa wao. Wametupa mgongo, vichwa vimeinama, na windo lao lote ni mbweha mmoja mwembamba. Mbwa nao wamenywea. Kando yao, mbele ya nyumba ya wageni, watu wamewasha moto wa kubabua nguruwe aliyechinjwa. Kibao cha nyumba hiyo chaning'inia kwa kulabu moja tu, kana kwamba kitaanguka wakati wo wote. Chini kabisa bondeni, juu ya mabwawa yaliyoganda, watu wadogo kama siafu wanacheza na kuteleza. Mbali zaidi bomba la moshi la nyumba moja linawaka moto, na watu wanapanda ngazi kuuzima. Hivyo njaa na mchezo, ajali na kazi za kila siku, vyote vimewekwa mahali pamoja, wala mchoraji hamwambii mtazamaji lipi ni kubwa kuliko jingine.

Mwaka 1585 majeshi ya mfalme wa Hispania yaliuteka mji wa Antwerp, na maelfu ya watu wakahamia kaskazini katika miji ya Uholanzi iliyokuwa ikipigania uhuru wake. Wachoraji wengi walikuwa miongoni mwa wahamiaji hao, nao wakaja na ustadi huo. Huko kaskazini makanisa ya Kiprotestanti hayakuagiza picha za kutundika ukutani. Kwa hiyo mchoraji aliwategemea wafanyaji biashara, mafundi, na watu wa mjini wenye fedha kidogo, waliotaka picha ndogo ya kupamba chumba. Watu hao hawakutaka kuona miungu ya Wayunani peke yake. Walipenda kuiona nchi yao wenyewe.

BUBU WA KAMPEN

Aliye mashuhuri kupita wote kwa picha za barafu ni Hendrick Avercamp. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1585, akakulia Kampen, mji ulio kando ya mto IJssel, ambako baba yake alikuwa muuza dawa. Tangu utotoni hakuweza kusema, na wataalamu wengi husadiki kwamba alikuwa kiziwi pia. Watu walimwita Bubu wa Kampen. Alipelekwa Amsterdam kujifunza kazi ya kuchora, kisha akarudi Kampen akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1634. Mama yake alimhofia sana mwanawe huyo, asije akakosa matunzo baada ya yeye kufa.

Wahenga walisema macho hayana pazia, na kwa Avercamp neno hilo ni kweli tupu. Mtu asiyeweza kusema na wenzake aliwatazama kwa makini, asikiache kitu. Picha yake moja kubwa, aliyoichora yapata mwaka 1608, imo katika jumba la Rijksmuseum mjini Amsterdam. Ni ubao wa mwaloni, urefu wake karibu sentimita 132 na kimo chake sentimita 77, uliopakwa rangi zilizochanganywa na mafuta. Mchoraji amejifanya kama ndege aliyetua juu ya mti mrefu, na kwa kutazama toka juu ameweza kuonyesha umati mkubwa wa watu bila mmoja kumfunika mwenziwe.

Tuitazame kwa utaratibu. Upande wa kushoto, mbele, pana mlango mbovu ulioegemezwa kijiti: huo ni mtego wa ndege. Ndege huja kula punje zilizomwagwa chini yake, mtu aliyejificha akavuta kamba, mlango ukawaangukia. Karibu na hapo umelala mzoga, na mbwa na kunguru wanaula. Nyuma yake ni nyumba ambayo ni kiwanda cha bia na nyumba ya wageni pia, na mbele yake barafu imetobolewa ili maji yapate kutekwa kwa ndoo. Kisha macho yakienda mbali twaona waungwana waliovaa kola pana za kitani, wanawake wenye joho nzito, wavulana walioanguka kifudifudi, wapenzi walioshikana mikono, wachukuzi wenye matita ya matete mabegani, na mashua iliyotiwa vyuma chini ikienda kwa tanga juu ya barafu. Mtu mmoja anajisaidia wazi, wala hajali. Mwisho kabisa barafu na mbingu vimechanganyika kwa ukungu, hata haijulikani moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Ukungu huo ni jambo la ufundi. Mtu asiyeijua theluji hudhani kwamba mchoraji alihitaji rangi nyeupe tu. Sivyo. Avercamp alitumia nyeupe kidogo, akaichanganya na kijivu, hudhurungi, na wekundu hafifu kama ule wa mawingu ya alfajiri. Watu wa mbele aliwapa rangi kali, nyekundu na nyeusi. Wa nyuma akawafifiza hatua kwa hatua. Ndiyo sababu mtazamaji huona umbali, na hata baridi yenyewe huielewa kwa macho.

BARAFU NA RIZIKI

Sasa tuulize: watu hawa walikuwa wakifanya nini hasa? Mifereji ilipoganda mashua zilikwama, na vinu vya upepo vilisimama kwa kuwa maji ya kuinuliwa yamekuwa jiwe. Lakini barafu ile ile iliyofunga njia ya mashua ilifungua njia nyingine, tambarare, isiyo na tope.

Walitumia vyuma vya kutelezea. Hicho ni kipande cha mbao kilichokatwa kwa kipimo cha wayo, na chini yake umetiwa ubapa mwembamba wa chuma uliopindwa mbele, kikafungwa kiatuni kwa kamba au ukanda wa ngozi. Uso wa barafu una utando mwembamba unaoteleza kama maji, na kwa hiyo chuma hupita bila kushikwa. Mtu hodari aliweza kwenda mbali kwa siku moja kuliko aendavyo kwa miguu. Mizigo ilipakiwa katika sleji, yaani gari lisilo na magurudumu. Nyingine zilivutwa na farasi waliopigiliwa misumari katika viatu vyao wasiteleze. Wengine walikaa katika sleji ndogo wakajisukuma kwa vijiti viwili vyenye ncha za chuma, kama mtu asukumavyo ngalawa kwa upondo.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na Waholanzi waligaagaa na barafu. Wavuvi waliitoboa, wakawachoma mikunga wa mtoni kwa mikuki yenye meno. Wakataji wa matete walifurahi, kwa kuwa sasa waliweza kuyafikia matete ya katikati ya maji kwa miguu yao, wakayakata kwa ajili ya kuezekea nyumba. Wachuuzi walipiga vibanda juu ya barafu wakauza mikate mitamu na vinywaji vya moto. Nyumbani watu waliota moto wa udongo mweusi wa kinamasi, uliochimbwa na kukaushwa jua wakati wa kiangazi, kwa sababu kuni zilikuwa adimu. Wanawake waliweka miguu juu ya kijisanduku cha mbao chenye matundu, ambacho ndani yake mna chungu cha makaa, mfano wa chetezo.

Michezo nayo ilikuwako. Mmoja uliopendwa sana uliitwa kolf: mchezaji alipiga mpira kwa fimbo iliyopinda mwisho wake, akaulenga mti uliosimamishwa mbali. Katika picha twawaona mabwana wa heshima wakiucheza, na nyuma yao mtumishi au mtoto wa mvuvi akiwatazama.

UPANDE WA PILI

Lakini tusidanganyike na furaha hii. Barafu haikuwa na huruma. Ilipokuwa nyembamba mahali, mtu alizama mbele ya macho ya wenziwe, na wachoraji hawakuficha jambo hilo: mara nyingi pembeni mwa picha pana mtu aliyetumbukia, na wengine wamelala kifudifudi wakimpelekea ngazi au fimbo ndefu. Ndiyo maana baadhi ya wenye busara wa zama zile waliyafananisha maisha ya mwanadamu na kutembea juu ya barafu. Picha moja ya Bruegel ya watu wanaoteleza nje ya lango la Antwerp ilipochapishwa upya baadaye, ilitiwa maneno ya kueleza kwamba uhai wa binadamu ni utelezi. Na mtego wa ndege uliomo katika picha nyingi wataalamu huueleza vivyo hivyo: ndege hauoni mtego, na mtelezi haioni barafu iliyo nyembamba.

Kwa maskini majira hayo yalikuwa mtihani mkubwa. Mwenye mashua alikosa abiria, kibarua alikosa kazi, na bei ya chakula na ya kuni ilipanda. Miji iliwagawia mafukara mikate na udongo wa kuwasha, ila haukutosha kila mara. Ukitazama vizuri utamwona bibi mzee anayebeba tita la vijiti, amejipinda kwa uzito, na karibu naye mwanamke wa kitajiri aliyejifunika uso kwa barakoa nyeusi ili baridi isimuunguze ngozi. Wote wawili wanakanyaga barafu moja. Watu husema kwamba barafu iliwasawazisha tajiri na maskini. Picha zenyewe zasema kwa hadhari zaidi: iliwakutanisha, haikuwasawazisha.

Tena barafu ilikuwa daraja kwa rafiki na kwa adui pia. Mji wa Haarlem ulipozingirwa na Wahispania toka Disemba 1572, chakula na baruti vilipelekwa ndani kwa sleji juu ya ziwa lililoganda. Miaka mia baadaye, mwaka 1672, Waholanzi walifurikisha maji mashambani ili kuwazuia Wafaransa. Mwezi wa Disemba maji hayo yakaganda, na askari wa Kifaransa wakavuka. Barafu ikaanza kuyeyuka, nao wakalazimika kurudi nyuma, lakini kabla ya kuondoka waliviteketeza vijiji vya Bodegraven na Zwammerdam. Mholanzi aliyetundika picha ya barafu chumbani mwake aliyajua hayo yote.

JE, PICHA HIZI NI KWELI TUPU?

Wachoraji wa zama zile hawakusimama nje penye baridi na ubao wao wa rangi. Walikwenda na karatasi, wakachora haraka mtu mmoja mmoja, kisha wakarudi chumbani wakatunga picha kwa kuchagua na kupanga. Avercamp aliwatumia watu wale wale katika picha zaidi ya moja. Bruegel aliweka milima mirefu nyuma ya wawindaji wake, ilhali katika nchi yake hakuna milima. Aliiona alipokuwa safarini kwenda Italia. Tena picha za barafu zilipopendwa sokoni, zilichorwa hata katika miaka ambayo baridi haikuwa kali. Kwa hiyo hatuwezi kuzitumia kama kipimo cha joto na baridi. Lakini nguo, vyombo, michezo, na namna ya kushika fimbo au kufunga kamba, hayo mchoraji hakuwa na sababu ya kuyazua, maana mnunuzi aliyajua na angemcheka.

Tena si wote walioiona baridi kwa jicho moja. Jan van Goyen, aliyefariki mwaka 1656, aliushusha upeo wa macho chini kabisa, akaijaza picha mbingu, akatumia rangi chache za udongo na kijivu. Aert van der Neer alipenda saa ya magharibi, jua linapozama na barafu kung'aa. Rembrandt mwenyewe alichora picha ndogo ya majira ya baridi mwaka 1646, yenye watu wachache tu na mbwa mmoja. Na Jacob van Ruisdael, yapata mwaka 1665, alichora baridi isiyo na sherehe yo yote: mawingu meusi, nyumba iliyoelemewa na theluji, na mtu mmoja au wawili wanaokwenda zao kimya. Kwa Avercamp baridi ni mkutano wa watu. Kwa Ruisdael ni upweke. Zote mbili ni kweli, kama ajuavyo ye yote aliyepata kuishi siku nyingi za shida.

BARAFU INAYOTOWEKA

Siku hizi mifereji ya Uholanzi huganda kwa nadra. Katika jimbo la Friesland yako mashindano makubwa ya kuteleza, yapata kilometa 200, yanayopita katika miji kumi na mmoja. Yalianza rasmi mwaka 1909, nayo hayawezi kufanywa mpaka barafu iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima. Yamefanyika mara 15 tu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Wako Waholanzi watu wazima ambao hawajayaona. Nasi Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu: barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912. Wachoraji wale hawakujua kwamba walikuwa wakiandika kumbukumbu ya kitu kitakachoondoka. Walidhani wanachora jambo la kila mwaka.

Basi msikilizaji atakayepata nafasi ya kuitazama picha mojawapo ya hizi, hata iliyochapwa kitabuni, asianze katikati penye watu wenye nguo nzuri. Aanze pembeni: penye mtego, penye mzoga, penye tundu la kutekea maji, penye bibi mwenye tita lake. Kisha aende polepole mpaka kwa wanaocheza. Akifanya hivyo ataona kwamba mchoraji hakumsahau mtu, na atajua jinsi taifa moja lilivyokaa na baridi yake, likala, likacheza, likazika wafu wake, likangoja jua lirudi.